Denis Burkitt, daktari wa jicho moja aliyeifuata saratani ya watoto kuvuka mipaka

Mpakani Busia, swali la kwanza analoulizwa msafiri dirishani ni anatoka wapi. Mfanyabiashara anayevusha mahindi, samaki au mitumba hulijibu bila hata kufikiri, akapigiwa mhuri na kuendelea na safari yake.

Swali hilohilo ndilo aliloliuliza Denis Parsons Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, katika miaka ya 1950. Yeye hakuwauliza wasafiri, aliwauliza wazazi wa watoto wagonjwa. Kwa kulirudia swali hilo mwaka baada ya mwaka, kisha kulipeleka barabarani kwa gari kuukuu kupitia nchi baada ya nchi, aliisaidia dunia kuelewa aina ya saratani ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ni saratani ambayo mtu wa Buhehe, wa mjini Busia au wa Tororo hana haja ya kusafiri kwenda kuisoma mahali pengine. Eneo hili lote, upande wa Uganda na upande wa Kenya, liko ndani ya ukanda ambao Burkitt aliuchora kwenye ramani yake zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Humpata mtoto, mara nyingi kati ya miaka minne na tisa. Taya huanza kuvimba, upande mmoja au pande zote. Meno hulegea kabla ya wakati wake. Wazazi wengi hudhani ni jino bovu, wakamtafuta mtu wa kuling'oa. Uvimbe hauna subira: unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache, na usipotibiwa humuua mtoto katika muda wa miezi, pengine wiki. Lakini ukiwahiwa, ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa kuliko nyingi nyingine. Tofauti kati ya mambo hayo mawili, kufa na kupona, mara nyingi ni siku zilizopotea njiani.

Mtoto wa mpima barabara

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na Enniskillen, katika jimbo la Fermanagh, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa jimbo, mtu wa barabara na madaraja. Wakati wa mapumziko James alikuwa na kazi nyingine ambayo majirani huenda waliiona ya ajabu: aliwakamata ndege wadogo wa bustanini, akawavisha pete miguuni, akawaachia, kisha akawafuatilia na kuchora ramani ya mahali kila ndege alipotawala. Wataalamu wa ndege wanamkumbuka hadi leo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba ambamo kuuliza kitu kinapatikana wapi, na kinakoma wapi, lilikuwa jambo la kawaida mezani.

Alipokuwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na mtoto mwingine lilimvunja miwani na vipande vikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea. Alipofika Chuo cha Trinity mjini Dublin alianza na uhandisi kama baba yake, lakini akahamia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata shahada ya upasuaji mjini Edinburgh, kisha akafanya safari kama daktari wa meli hadi Manchuria. Alikuwa Mkristo wa dhati wa Kianglikana na aliamini kwamba ameitwa kufanya kazi ng'ambo.

Aliomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi. Wakamkataa, kwa sababu ya jicho. Ni kichekesho kidogo cha historia kwamba mtu aliyeonekana hafai kwa kuwa na jicho moja ndiye aliyekuja kuona jambo ambalo madaktari wengi wenye macho mawili walilipita kwa miaka 50.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango. Jeshi la Uingereza lilimchukua kama daktari mwaka 1941 na kumleta Kenya na Somalia, baadaye Ceylon. Afrika Mashariki haikuwa ngeni kabisa kwa ukoo wao: baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji wa siku nyingi Nairobi, mwenye sifa ya ukali na tiba za kutisha. Katika likizo moja Denis alifika Uganda, akaipenda. Vita vilipokwisha aliomba kurudi, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, makao makuu ya wilaya ya Lango, akiwa na mke wake Olive waliyeoana mwaka 1943.

Mabusha ya Lango

Lira ilikuwa hospitali ndogo na daktari alifanya kila kitu. Kazi iliyomjia kwa wingi ilikuwa kupasua mabusha. Daktari mwingine angepasua na kuita mgonjwa anayefuata. Burkitt aliuliza kila mwanaume anatoka wapi. Hesabu zake zilipokamilika, zilionyesha kwamba mashariki mwa wilaya karibu wanaume 30 kati ya 100 walikuwa na mabusha, ilhali magharibi alikuwa mmoja tu kati ya 100. Watu walewale, wilaya ileile, lakini hali tofauti kabisa.

Sababu yake, kama ilivyokuja kufahamika, ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ileile inayoleta matende. Burkitt aliandika makala fupi kuhusu jambo hilo na halikumpa umaarufu wowote. Lakini alikuwa ameshajifunza mbinu. Mwaka 1948 akahamishiwa Mulago, hospitali kuu ya Uganda, inayofundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere.

Mtoto wa Mulago, mtoto wa Jinja

Mapema mwaka 1957, daktari wa magonjwa ya ndani pale Mulago, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano. Uso wake ulikuwa umepoteza umbo: taya la juu na la chini, kushoto na kulia, pande zote nne zimevimba. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna ile. Maambukizi ya mfupa hayatokei mara nne katika uso mmoja, na saratani ilijulikana kuanzia mahali pamoja. Alimpiga picha, kwa maana alipenda sana kamera. Hakuwa na la kumfanyia. Mtoto akafa.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kwa ziara ya kikazi. Akiwa wodini alichungulia dirishani akaona mtoto ameketi na mama yake kwenye nyasi, uso umevimba vilevile. Akatoka nje mbio. Safari hii alimpima mtoto mwili mzima na kukuta uvimbe mwingine tumboni. Hapo ndipo shaka yake ilipogeuka kuwa kazi. Alimchukua mtoto na mama yake hadi Kampala, kisha akaingia katika masjala ya hospitali na kuanza kufukua mafaili ya watoto wa miaka iliyopita.

Aliyoyakuta yalikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeyatazama kwa pamoja. Mtoto aliyevimba taya aliandikwa ana saratani ya taya. Aliyevimba figo aliandikwa saratani ya figo. Mwingine ini, mwingine ovari, mwingine jicho. Kila daktari aliona kipande kilichoangukia idara yake. Burkitt alisema ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu watoto 38 katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza, na karibu hakuna aliyelijali. Ilibidi wataalamu wa maabara wa Makerere, Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, wathibitishe kwa darubini mwaka 1960 kwamba kweli ni saratani ya aina moja, ya chembe za mfumo wa kinga, na kwamba ilikuwa karibu nusu ya saratani zote za watoto zilizopita katika maabara yao.

Tena, haikuwa ngeni. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa ameacha katika vitabu vyake vya wagonjwa michoro ya watoto wenye uvimbe wa taya wa namna hiyohiyo.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo wasifu nyingi za Burkitt hulipita haraka. Jina lililobaki ni lake. Watoto wale 38, mama zao waliolala sakafuni kando ya vitanda, wauguzi na wakalimani wa Kiganda, Kilango, Kisamia na Kiteso waliomwezesha kuuliza lile swali lake na kuelewa jibu, hawakuandikwa popote. Daktari huyu hakuwa na lugha zote hizo. Ramani iliyompa umaarufu ilijengwa kwa majibu ya watu hao.

Saratani nyingine, ramani nyingine

Mgeni mmoja kutoka Johannesburg, mtafiti wa saratani George Oettlé, alipita Kampala na kuonyeshwa picha zile. Aliwaambia wenyeji wake kwamba ugonjwa huo haupo Afrika Kusini. Burkitt akashtuka. Kama upo hapa na haupo kule, basi kati ya hapa na kule lazima kuna mahali unapokoma.

Huko Afrika Kusini, katika miaka hiyohiyo, daktari mwingine alikuwa akisoma ramani ya saratani tofauti. Christopher Wagner, mtaalamu wa maabara, alikuwa akikutana na watu wenye saratani ya ule utando mwembamba unaoyafunika mapafu. Ulikuwa ugonjwa adimu kiasi kwamba baadhi ya wakubwa wa fani hiyo walikuwa wanabisha kama upo. Yeye na wenzake waliuliza wagonjwa wanatoka wapi, na karibu wote walitoka kaskazini mwa jimbo la Cape, kwenye machimbo ya asbestosi ya buluu. Makala yao ya mwaka 1960 ilieleza wagonjwa 33. Wengine hawakuwahi kufanya kazi mgodini hata siku moja: walikuwa wameishi karibu tu, au walicheza kwenye vilima vya vumbi wakiwa watoto, miaka 30 au 40 kabla ya kifua kuanza kubana.

Jambo hilo halipaswi kusomwa Tororo kama habari za mbali. Mji huo ulikuwa na kiwanda chake cha mabati ya saruji iliyochanganywa na asbestosi, na mabati ya aina hiyo yaliezeka shule, zahanati na nyumba za wafanyakazi katika nchi zetu kwa miongo mingi. Likiwa zima juu ya paa, bati hilo halimsumbui mtu sana. Likikatwa kwa msumeno, likipigwa nyundo au kusagwa, hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, na nyuzi hizo zikishaingia kifuani hazitoki. Anayenunua mabati ya zamani yaliyong'olewa kwenye jengo la serikali ili ajenge banda la kuku au ukuta wa choo hana njia ya kujua leo alichovuta. Ugonjwa huo hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata zaidi. Huanza kwa kuishiwa pumzi, maumivu ya ubavu na maji kujaa kati ya mapafu na mbavu, dalili ambazo katika ukanda wetu huchukuliwa haraka kuwa kifua kikuu. Kenya inayahesabu mabati hayo kuwa taka hatari, na Rwanda imekuwa ikiyaondoa kwenye mapaa nchi nzima.

Wagner na Burkitt walifuata njia moja bila kupangiana: kuuliza mahali kwanza, kisha sababu. Tofauti ni kwamba Wagner alikuwa na mgodi wa kuunyooshea kidole. Burkitt hakujua hata atafute nini.

Ford ya pauni 250

Alianza kwa posta. Ruzuku yake ya kwanza ya utafiti ilikuwa pauni 25. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wenye ugonjwa na kuzituma kwa mamia katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza swali moja tu: je, mmewaona watoto kama hawa? Kila jibu la ndiyo alilipigia pini kwenye ramani ukutani. Pini zikajipanga kama mkanda unaokatiza katikati ya Afrika, pande zote mbili za ikweta, kisha mkia ukateremka upande wa mashariki hadi Msumbiji.

Lakini karatasi haikutosha. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na wenzake wawili: Ted Williams, daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, aliyekuwa hodari wa kutengeneza magari, na Cliff Nelson, daktari Mkanada. Gari lao lilikuwa Ford ya mkononi iliyonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 waliendesha maili 10,000, sawa na kilomita 16,000 hivi, wakapitia Kenya, Tanganyika na kuteremka hadi Afrika Kusini, wakasimama katika hospitali zaidi ya 50. Gharama yote ya msafara, mafuta na malazi na matengenezo, ilikuwa pauni 678. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupiga hesabu ya lori kutoka Malaba hadi Lusaka ataona hapo watu waliojua kubana matumizi.

Kila walipofika walitoa albamu ya picha na kuuliza. Hospitali moja ilisema ndiyo, tunawaona watoto hawa kila mara. Iliyofuata, juu mlimani, saa chache tu za gari, ilisema hapana, hatujawahi. Mwanzoni walidhani mwinuko ndio jibu: karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mita 1,500 hivi. Lakini walipozidi kwenda kusini, kiwango hicho kilishuka, na Msumbiji ugonjwa ulionekana tu kwenye nchi tambarare ya pwani. Mwinuko basi ulikuwa kivuli cha kitu kingine.

Aliyekitaja kitu hicho alikuwa Alexander Haddow, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, taasisi iliyokuwa mali ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki. Aliitazama ramani na kusema ni joto na mvua. Saratani ile ilikaa mahali penye joto lisiloshuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi hivi na mvua ya kutosha mwaka mzima, yaani mahali mbu anapostawi. Nyanda za juu za Kenya zilikuwa salama, pia Kigezi, pia milima ya Rwanda na Burundi. Kandokando ya Ziwa Victoria, kutoka Busoga kupitia Samia hadi Nyanza, hapakuwa salama. Mji wa Busia uko kwenye mita 1,200 tu na kitu, mvua zake ni mara mbili kwa mwaka, na wilaya ya Tororo imekuwa miongoni mwa sehemu zenye malaria kali kuliko zote Uganda. Mpaka uliochorwa na wakoloni kati ya Wasamia wa huku na Wasamia wa kule haukuonekana kabisa kwenye ramani ya pini.

Kulikuwa na kisiwa kimoja kilichotatiza mambo, kisha kikayafafanua. Unguja ina joto, ina mvua, na iko chini kabisa kwa mwinuko, lakini saratani ile ilikuwa nadra huko. Sababu iliyokuja kukubalika ni kwamba kampeni ya kuangamiza malaria ilikuwa imefanyika visiwani. Penye malaria kali ya kudumu, ugonjwa upo. Malaria ikidhibitiwa, hupungua.

Ndege iliyopotea kwenye ukungu

Malaria hata hivyo haikuwa peke yake, maana watoto wote wa ukanda huu huugua malaria na ni wachache mno wanaopata saratani. Kipande kingine kilitoka London. Tarehe 22 Machi 1961, miezi kadhaa kabla ya ule msafara, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wachache waliohudhuria alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Kabla mhadhara haujaisha Epstein alikuwa ameshaamua kubadilisha mwelekeo wa kazi yake. Wakapatana: Burkitt atakata vipande vya uvimbe Mulago, na ndege itavifikisha London usiku uleule.

Kwa zaidi ya miaka miwili hawakuona kitu. Kisha, mwezi Desemba 1963, ndege iliyobeba sampuli ilikuta ukungu London ikaelekezwa Manchester. Sampuli ilipofika maabara ilikuwa imechelewa, na majimaji yake yamechafuka kama yameoza. Badala ya kuyatupa, Epstein aliyatazama kwa darubini akakuta chembe hai za saratani zikielea huru, zikiwa tayari kuoteshwa. Kutokana na chembe hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wa Trinidad walitangaza mwaka 1964 virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na vilitoka kwa mtoto wa Uganda.

Karibu kila mtu duniani hubeba virusi hivyo, na kwa kawaida havimfanyi lolote. Katika nchi ya malaria kali, mtoto huvipata akiwa mdogo sana, na homa za kurudiarudia huichosha kinga yake huku zikizichochea zile chembe ambamo virusi vimejificha zigawanyike bila kupumzika. Katika kugawanyika huko, siku moja kipande cha urithi wa chembe hukatika na kuungwa mahali pasipo pake. Chembe hiyo haiachi tena kuzaana. Haiambukizi kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, wala si laana ya ukoo, wala si kosa la mama.

Dozi moja au mbili

Burkitt alikuwa mpasuaji, na kisu hakikufaa kitu katika ugonjwa huu. Mashine ya mionzi Uganda haikuwa nayo. Watafiti wa Kimarekani waliokuwa wakijaribu dawa mpya za saratani walimpa dawa, na yeye Kampala, na Peter Clifford Nairobi, wakaanza kuwapa watoto. Yaliyotokea hakuna aliyeyatarajia. Uso uliovimba ulinywea ndani ya siku. Wazazi wengine, wakiona mtoto amepona, walimchukua wakarudi nyumbani baada ya dozi moja au mbili, kwa kuwa shamba lilikuwa linasubiri na nauli imekwisha. Burkitt aliwafuatilia vijijini akitarajia kukuta makaburi. Baadhi yao aliwakuta wakicheza, na miaka kadhaa baadaye bado walikuwa wazima. Katika siku hizo, dhana kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa tupu ilikuwa karibu haipo popote.

Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha matibabu cha Mulago mwaka 1967 chini ya Mmarekani John Ziegler, ambacho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Idi Amin alipotwaa nchi na wageni wakaondoka, Mganda Charles Olweny alikishika kituo katika miaka ambayo hata dawa za kawaida zilikuwa hazipatikani. Utafiti mkubwa uliokusanya damu ya watoto 42,000 wa West Nile katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba virusi vilitangulia saratani, kabla vita vya mwaka 1979 havijauvuruga.

Kufikia hapo Burkitt alikuwa ameondoka. Mwaka 1966 alihamia London na akaanza kuchora ramani nyingine: kwa nini Waafrika wa vijijini hawapati saratani ya utumbo mpana kama Wazungu. Jibu lake lilikuwa chakula, yaani mahindi yasiyokobolewa, mihogo, maharage, mboga, vitu vyenye makapi. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu makapi katika chakula kilisomwa na watu wengi mno Ulaya na Marekani, na pengine kilimpa jina kubwa kuliko wale watoto wa Mulago. Wataalamu wanasema alivuka kidogo kwa kutaka makapi yaeleze karibu kila ugonjwa wa wenye mali. Inawezekana. Lakini sahani ya ugali wa dona na sukuma wiki bado haijapata mpinzani wa maana.

Denis Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82, kwao Gloucestershire nchini Uingereza. Watoto wa ukanda wake bado wanafikishwa hospitali, wengi wakiwa wamechelewa na meno mawili matatu yameshang'olewa. Wanaotoka upande wa Uganda hupelekwa Mulago. Wa upande wa Kenya huenda Kisumu au hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, na kwa baadhi ya watu wa Busia Uganda, Eldoret ni karibu zaidi kuliko Kampala. Kaunti ya Busia, Kenya, ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuanza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019. Uganda ilianza kuitoa mwaka 2025.